Maharage Hayasubiri Saa Tatu

Siku ya kumi na mbili tangu ugonjwa uingie, wananchi wote walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba serikali haijalala. Ofisi ilikuwa imeunda Kamati ya Kubaini Watu Muhimu. Kuanzia siku hiyo kila mtu angejua kama yeye ni muhimu au la, na angejulishwa bila malipo. Wale ambao wangebainika kuwa si muhimu waliombwa wakae majumbani mwao kwa heshima.

Maneno "kwa heshima" yaliongezwa na Karani. Yeye ndiye aliyeandika tangazo, na aliona bila maneno hayo lingekuwa kali kidogo. Alikuwa mtu wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya akiba. Alipoteuliwa kuwa Katibu wa Kamati alirudi nyumbani akitembea polepole, ili majirani wapate muda wa kumwona. Mkewe alimuuliza kama hiyo kamati italeta chochote. Karani akamweleza kwamba kazi ya kamati si kuleta, kazi yake ni kubaini. Mkewe akasema haya, basi aanze kwa kubaini kuni zimebaki ngapi.

Kamati ilikutana siku tatu mfululizo. Walikuwa watu tisa, na viti vilipangwa mbali mbali kiasi kwamba mjumbe wa mwisho aliunga mkono hoja ambazo hakuzisikia. Siku ya kwanza Kamati ilijibaini yenyewe kuwa muhimu, kwa kauli moja. Siku ya pili ilimbaini mpika chai, maana siku ya kwanza hakuwepo na kila mjumbe aliona pengo. Siku ya tatu wakaingia madereva, mlinzi, mtu wa fotokopi, na mzee anayemwagilia maua mbele ya ofisi. Orodha ikafika makundi arobaini na moja. Wakulima hawakuwemo. Ieleweke kwamba hakuna aliyewapinga. Hawakutajwa tu, na kitu kisichotajwa hakiwezi kuingia kwenye muhtasari.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa bwana mnene mwenye sauti laini, na wala hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kukataa ombi la mtu yeyote. Aliliundia kamati ndogo. Nyumba yake mpya ilikuwa ng'ambo ya mto, alikojenga kwa ajili ya upepo. Ng'ambo hiyo hiyo ndiko yalikokuwa mashamba yote. Upande wa huku palikuwa na ofisi, soko lililofungwa, shule iliyofungwa, na nyumba za watu waliokuwa wakilima kule. Katikati palikuwa na daraja moja.

Kwa kuwa ugonjwa ungeweza kupita darajani kama mtu mwingine yeyote, Kamati ilifunga mnyororo pale katikati. Ikaweka ndoo ya maji yenye koki, sabuni, meza ya Karani, na mlinzi ambaye watu walimwita Bwana Simama kwa sababu hilo ndilo neno alilolipenda. Meza iliwekwa katikati kabisa ili Kamati isionekane kupendelea upande wowote. Saa za kuvuka zilikuwa tatu asubuhi hadi tisa alasiri, sawasawa na saa za ofisi. Na asiyekuwa kwenye orodha alitakiwa kujaza fomu ya kuomba kuwa muhimu.

Mtu wa kwanza kufika mezani alikuwa mama mkwe wa Karani.

Karani alisimama, akainamisha macho, akamwamkia. Mama Mkwe aliitikia, akanawa mikono, akapandisha barakoa yake aliyoishona kwa kitambaa cha pazia, kisha akashusha turubai lililokuwa begani. Alikuwa anakwenda kung'oa maharage. Yalikuwa yamekauka vizuri, na mwaka huo hayakuwa maharage ya kuchezea. Mwanawe mkubwa alikuwa amerudi kutoka mjini baada ya kiwanda kufungwa, yeye, mke wake na watoto wanne. Wajukuu wengine waliokuwa wakila mchana shuleni sasa walikula mchana kwake. Vichwa vilikuwa kumi na moja, soko limefungwa, malori ya wanunuzi hayaji wala mbegu haziji. Shamba lile ndilo lililokuwa chakula chao mpaka msimu mwingine. Hata sufuria ya nyumbani kwa Karani ilitegemea shamba hilo hilo, ingawa fomu haikuwa na nafasi ya kueleza jambo kama hilo.

Karani alifungua fomu. Sehemu ya tatu ilitaka jina la mwajiri, saini yake na mhuri.

"Mwajiri wako ni nani, mama?"

"Ndiye nani huyo?"

"Yule anayekutuma kazini."

Mama Mkwe alifikiri. "Njaa," akasema.

Karani alieleza kwa upole kwamba njaa haiwezi kutia saini. Mama Mkwe akasema basi aandike jina lake yeye mwenyewe, maana tangu marehemu mumewe aondoke hakuna aliyewahi kumwamsha. Karani alipekua kanuni kurasa zote. Hazikukataza. Akaandika kwamba mwajiri ni yeye na mwajiriwa ni yeye, na uhusiano wao kikazi ni mzuri. Kuhusu mhuri, kanuni zilisema uwe wa duara na usomeke. Mama Mkwe alirudi nyumbani, akachukua kikombe cha bati, akakipaka masizi ya sufuria kitakoni, akaja akagonga. Ukatoka mduara mweusi safi kuliko wa ofisi, ambao wino wake ulikuwa umekauka.

Sehemu ya tano ilikuwa fupi. Iliuliza ni kitu gani kitasimama endapo mwombaji atakaa nyumbani siku saba. Mama Mkwe alijibu, "Kula."

Karani hakuona kosa lolote katika jibu hilo.

Habari hazikukaa. Kufika mwisho wa wiki majirani wote walikuwa wamepanga foleni nyumbani kwa Mama Mkwe, hatua mbili mbili, kila mmoja akitaka mwajiri. Aliwaajiri. Walikuwa na kawaida yao ya siku zote ya kung'oa kwa pamoja, shamba la huyu leo na la yule kesho, kwa hiyo hakuandika uongo. Kwenye daftari la Karani, Mama Mkwe alikuwa na wafanyakazi thelathini na wawili. Ofisi yenyewe ilikuwa na kumi na tisa.

Tatizo lilikuwa saa.

Siku ile ya kwanza Mama Mkwe alivuka saa tatu na nusu, akarudi saa tisa kama kanuni ilivyotaka. Alisimama mbele ya meza, akakunjua pindo la nguo yake, akamwaga maganda matupu juu ya daftari. Hakupandisha sauti. Alimweleza mkwewe kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba maharage yakishakauka hung'olewa kukiwa na umande. Ganda likiwa na unyevu hutulia. Jua likishika, ukiligusa tu linapasuka, na maharage yanaruka yanaingia kwenye nyufa za ardhi.

"Leo nimewavunia panya," akasema. Kisha akatazama juu, upande mawingu yalikokuwa yakikusanyika. "Na ile mvua ikinyesha, yatakayobaki yataota yakiwa bado kwenye maganda. Nina siku kumi, mwanangu. Labda kumi na mbili."

Karani alilipeleka jambo hilo mbele ya Kamati akiwa amelipiga chapa vizuri. Mwenyekiti alilisikiliza kwa makini, akauliza kama maharage yameshaombwa yasubiri saa tatu. Mjumbe mmoja akasema shida ni elimu, wakulima wakielimishwa nao watayazoesha maharage yao. Mjumbe mwingine akauliza huo umande ni wa idara gani. Hakuna aliyejua. Ndipo Mwenyekiti, kwa moyo wake ule ule wa kutokukataa, akaunda Kamati Ndogo ya Umande, yenye watu watatu, gari moja, na viatu vya mvua jozi tatu.

Kamati Ndogo ilianza kazi kesho yake. Ilikunywa chai saa tatu, ikaondoka saa nne, ikafika shambani saa tano. Ilitafuta umande kwa bidii. Ilitazama juu ya majani, ikatazama chini ya majani, na mjumbe mmoja alipiga magoti akapapasa udongo kwa kiganja. Taarifa yake ilikuwa na kurasa kumi na moja, na ilihitimisha kwamba umande haupo, kwa hiyo malalamiko hayana msingi. Iliongeza kwamba mwananchi yeyote atakayeona umande siku zijazo aulete ofisini muda wa kazi.

Karani alitumwa ampelekee Mama Mkwe nakala. Alimkuta anapepeta kile kidogo alichookoa. Mama Mkwe alimwomba amsomee, na Karani akasoma kurasa zote kumi na moja, pamoja na kiambatisho cha viatu. Mama Mkwe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hao waliokwenda," akauliza, "ni wazima?"

"Wazima, mama."

"Basi tushukuru."

Karani alirudi kwake akakuta chakula tayari, ila hakuona maharage mezani. Aliuliza. Mkewe alimjibu kwamba maharage hayapo, na kama ana malalamiko ayalete muda wa kazi. Halafu akaendelea kula. Karani naye akala, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe aliona kwamba ile taarifa, pamoja na uzuri wake wote, haikuandika popote kwamba Kamati Ndogo ilifika saa tano.

Siku sita kati ya zile kumi zilipita hivyo. Watu walivuka saa tatu, wakang'oa kwenye jua, wakarudi na nusu ya mavuno. Mawingu yaliongezeka.

Siku ya saba ilikuja amri kutoka juu. Mkuu, yaani mkubwa wa wakubwa wote, aliyekuwa akifanya kazi kwa simu kutoka nyumbani kwake, angeanza kupigia simu kamati zote kila siku saa moja kamili asubuhi ili apewe taarifa. Mkuu alikuwa na sifa ya kuamka mapema na ya kutopenda kurudia kupiga. Simu ya ofisi ilikuwa inakaa na Karani, pale darajani. Mwenyekiti alikuwa akilala ng'ambo. Na kwa kanuni aliyotia saini mwenyewe, hapakuwa na mtu wa kuvuka kabla ya saa tatu.

Mwenyekiti hakuhangaika. Alimwita Karani akamwandikisha marekebisho: mtu anaweza kuvuka wakati wowote tangu alfajiri, mradi awe na fomu iliyojazwa kikamilifu, yenye jina, saini na mhuri wa mwajiri wake. Alisema kwa kutabasamu kwamba sharti la mhuri litawazuia wengi. Alikuwa hajalifungua daftari la darajani tangu Kamati iundwe, maana kulifungua ilikuwa kazi ya Katibu.

Karani aliandika kama alivyoambiwa. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Kisha, kwa kuwa kanuni ilitaka umma ujulishwe, na mama mkwe wake alikuwa sehemu ya umma, alikwenda akabandika nakala ya kwanza kwenye mlango wake.

Kesho yake alfajiri walikuwa pale thelathini na watatu, na Mama Mkwe mbele. Walisimama mbali mbali, barakoa usoni, turubai begani, fomu mkononi. Bwana Simama alikagua mihuri ya masizi mmoja mmoja kwa mwanga wa tochi, akasema simama mara thelathini na tatu na pita mara thelathini na tatu. Walivuka wote. Umande ulikuwepo, uliwalowesha mpaka magotini. Shamba la Mama Mkwe lilikuwa la kwanza baada ya daraja, na Karani, akiwa mezani, aliwaona wakiingia kila mtu mstari wake, wakiachana mistari miwili, wakainama kwa pamoja. Mashina yaliachia ardhi kimya kimya. Hakusikia ganda hata moja likipasuka.

Saa kumi na mbili na nusu gari la Mwenyekiti lilitokea ng'ambo.

"Simama," akasema Bwana Simama. "Fomu, Mheshimiwa."

Mwenyekiti alishusha kioo. Alieleza kwa sauti yake laini kwamba yeye hana haja ya fomu, alibainika siku ya kwanza kabisa, kwa kauli moja, imo kwenye muhtasari. Bwana Simama akasema yeye muhtasari hajaonyeshwa, ameonyeshwa fomu.

"Wewe hunijui mimi?"

"Wewe nakujua vizuri sana, Mheshimiwa. Fomu yako ndiyo sijaiona."

Mwenyekiti alimtazama Karani. Karani alifungua kanuni, akasoma marekebisho kwa sauti, mpaka kwenye saini iliyokuwa chini yake. Alimpa fomu mpya na kalamu ile ya akiba. Mwenyekiti alijaza jina lake vizuri. Kwenye jina la mwajiri alikwama, kwa sababu mwajiri wake alikuwa Mkuu, na Mkuu alikuwa mbali sana. Kwenye sehemu ya tano alikwama zaidi. Aliisoma mara mbili, akaitazama kalamu, akauliza hili swali limetungwa na nani. Karani akamkumbusha kwamba lilitungwa na Mwenyekiti mwenyewe.

Bwana Simama, ambaye hakuwa na ubaya, alimsaidia. Alisema mwajiri mwenye mhuri aliyekuwa karibu saa hizo ni mmoja tu, yule mama pale anayeng'oa.

Saa moja kasoro robo Mwenyekiti wa Kamati ya Kubaini Watu Muhimu alishuka kwenye gari na kuingia shambani kwa viatu vya ngozi. Asubuhi sauti husafiri, na Karani alisikia karibu yote. Mama Mkwe alimwamkia kwa adabu. Alisema kusaini si shida, kikombe anacho hapo kwenye kikapu, ila shida ni moja. Angemsainije mtu ambaye hajamfanyia kazi? Huko si kudanganya serikali? Mwenyekiti akasema kweli, ni kudanganya. Mama Mkwe akamwonyesha mstari.

Mwenyekiti alianza vibaya. Alishika mimea juu, kwa mikono miwili, akaitikisa kama mtu anayepeana mkono na mgeni wa heshima. Maharage yakaruka. Vijana wa mistari ya jirani walicheka ndani ya barakoa zao, wakajifanya wanakohoa, halafu wakakumbuka kwamba siku hizi kukohoa ni kubaya zaidi. Mama Mkwe aliwatazama tu wakatulia. Kisha akamgeukia Mwenyekiti.

"Shika chini, baba. Mkono mmoja, kwenye shina, karibu na udongo. Vuta kama hutaki lijue."

Hapo simu ikalia mezani. Ilikuwa saa moja kamili.

"Mwenyekiti wako yuko wapi?" akauliza Mkuu.

Kwa miaka tisa Karani alikuwa na jibu moja la swali hilo, kwamba yuko kikaoni. Lilikuwa tayari limefika mdomoni. Lakini alitazama ng'ambo, akaona mgongo mpana wa suti katikati ya migongo mingine, akaona na mawingu, akasema kilichokuwepo.

"Yuko shambani, Mheshimiwa. Anang'oa maharage."

"Saa hizi?"

"Baada ya saa hizi yanapasuka, Mheshimiwa."

"Yuko na nani?"

"Na mwajiri wake."

Mkuu alivuta pumzi. Alisema kwamba hilo ni neno zito, kwamba mwajiri wa kiongozi ni mwananchi, na kwamba tangu ugonjwa uanze amepigia kamati nyingi na hii ndiyo ya kwanza kumjibu kitu. Karani hakumaanisha hivyo, lakini hakuulizwa alichomaanisha.

Baada ya siku tatu ulifika waraka. Ulianza kwa kumpongeza Mwenyekiti, ukamtaja mara nne. Kisha ukaagiza kwamba wenyeviti wa kamati zote, nchi nzima, wafuate mfano wake: kila siku kuanzia alfajiri mpaka saa tatu wawe shambani wakivuna pamoja na wananchi, mpaka mavuno yaishe. Kila Ijumaa mwenye shamba amjazie mwenyekiti fomu, sehemu zote, na nakala iende kwa Mkuu. Saa za daraja zifuate umande. Mwenyekiti aliusoma waraka akiwa amesimama, akauliza kama inawezekana kuundwa kamati ndogo ya kuutafakari. Karani alimwonyesha aya ya mwisho, iliyosema haiwezekani.

Ijumaa hiyo alfajiri Karani alivuka na fomu mkononi. Maharage yote ya Mama Mkwe yalikuwa yameshaingia ndani, isipokuwa kipande cha juu, na mawingu sasa yalikuwa meusi na ya chini. Mwenyekiti alikuwa kwenye mstari wake, suruali imekunjwa, viatu vile vya mvua vya Kamati Ndogo miguuni. Alimwona Karani akaongeza kasi.

Karani alimsomea Mama Mkwe sehemu ya tano kwa sauti ya chini: ni kitu gani kitasimama endapo Mwenyekiti atakaa nyumbani siku saba. Mama Mkwe alimtazama yule bwana muda mrefu. Alikuwa mtu asiyependa kumwumiza mtu, na asiyependa kuweka uongo kwenye karatasi.

"Andika hakuna," akasema.

Karani aliandika. Mama Mkwe aligonga kikombe chake, akapuliza masizi yakauke.

Mwenyekiti alikuwa amesimama wima, shina moja mkononi, amekwisha kusahau kwamba alikuwa anajifanya hasikii.

"Umeniandikia nini, mama?"

"Ya kweli, baba," akasema Mama Mkwe, huku akirudi kwenye mstari wake. "Inama, jua linatoka."